Fungu la Marehemu

Alizisikia kabla mlango haujafunguliwa. Maelfu ya kete za udongo yakigonganishwa vidoleni na watu wasiotulia, trrr, trrr, trrr, sauti moja isiyokatika, kama mvua inayopiga mabati ya mtaa mzima kwa mpigo mmoja. Eleuterio Bagtas alisimama kwenye zulia la hoteli akasikiliza. Jina hilo refu walilitumia padri na mwalimu wake wa zamani tu. Kwao Pasay, pembeni mwa Manila, alikuwa Teryo, mtoto wa Sabas. Kifuani alikuwa na utepe mweusi uliobanwa kwa pini, na mdomoni bado alikuwa na ladha ya mkate.

Mkate ule aliununua njiani na kuula akiwa amesimama, kama afanyavyo kila mtu wa Manila atokapo matangani. Hutoki penye maiti ukaenda moja kwa moja uendako. Unapita mahali, unaketi au unasimama kidogo, ili mauti yaliyokuandama yapotelee hapo. Teryo aliyaacha kwenye duka la mikate. Angalau alidhani ameyaacha.

Juu ya mlango bango lilitangaza kwa herufi za dhahabu kwamba leo unazinduliwa mzunguko wa kwanza wa mashindano ya poka ya kulipwa barani Asia. Manila ingeanza, zifuate Makau, Seoul na miji mingine ambayo Teryo aliifahamu kwa majina tu. Kiti chake alikuwa amekipata kwa jasho la macho, kwenye kompyuta ya kukodi nyuma ya soko, akicheza na watu asiowaona, mpaka jioni moja kompyuta ikamwambia hongera na mwenye duka akatoka nje kupiga kelele. Baba yake alikuwa bado hai wakati huo. Mzee Sabas alilibeba jambo lile kama kijana aliyebeba jogoo wake mpya: alimwambia kinyozi, alimwambia muuza samaki, na alipolazwa aliwaambia wauguzi. "Mwanangu atakaa na wakubwa," alisema, huku mpira wa hewa umo puani.

Jumatatu mzee alifariki. Mazishi yalipangwa Jumapili, kesho yake baada ya uzinduzi, na ratiba ilikaa sawa. Kisha padri akaitwa kwa askofu wake, akaja kusema kwamba Jumapili hatakuwepo, na mazishi yakarudishwa nyuma. Jumamosi, siku ileile ya uzinduzi, saa tisa alasiri.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa imejaa. Jeneza lilikuwa sebuleni, na uso wa mzee ulionekana chini ya kioo. Nje, chini ya turubai, meza za karata zilikuwa zinaendelea kama zilivyoendelea wiki nzima, kwa sababu matanga bila karata kwao ni matanga ya watu wanaosinzia, na maiti haachwi mikononi mwa watu wanaosinzia. Kila anayeshinda, kabla hajapanga chake, hutoa kidogo akatumbukiza kwenye kopo la maziwa la familia. Hilo ndilo fungu la marehemu. Humnunulia mishumaa, humsaidia kulipa mahali pa kulala.

"Teryo!" aliita Doro, fundi viatu, bila kuinua macho kwenye karata zake. "Ukiwakuta hao Wakorea waambie wewe umesomeshwa na maiti wa Pasay nzima. Hakuna aliyekufa mtaa huu usimle pesa yake."

"Sikula maiti mimi, mzee Doro. Niliwala nyinyi."

"Msikieni! Na baba yake yumo ndani anacheka, naapa."

Wakacheka, kisha wakakumbuka, kisha wakacheka tena polepole.

Mama yake, Pasing, alikuwa ameketi kando ya jeneza, amevaa gauni jeusi lililokuwa kubwa kwake kuliko mwezi uliopita. Alimwita kwa kidole.

"Nenda," alisema. "Mzee alilitangaza jambo hili mpaka kwa wagonjwa wenzake. Akikuona umekaa hapa atafufuka kwa hasira."

"Ndiyo, mama."

Akamshika kifundo cha mkono. "Lakini saa tisa, Teryo. Rozari ile utaikata wewe. Si Ludy, si mjomba wako. Wewe mkubwa."

Rozari ilikuwa imezungushwa mikononi mwa mzee. Kabla kifuniko hakijashushwa, mtoto mkubwa huukata uzi wake kwa mkasi, maana uzi ukiachwa mzima, marehemu humvuta mwingine wa nyumba ileile, na mwingine, shanga ikivuta shanga. Sabas alikuwa amemkatia baba yake. Teryo alikuwepo, amebebwa begani.

"Saa nane nainuka, mama. Hata nikiwa na wafalme wanne mkononi."

"Na kama unashinda je?" aliuliza dada yake Ludivina kutoka mlangoni, akifuta mikono kwa kitambaa cha jikoni.

"Hata nikishinda. Kete hazina miguu, Ludy. Nitaziacha mezani."

Na kweli ilikuwa hivyo. Mchezaji anaweza kuinuka wakati wowote. Kiti chake hugawiwa karata kama kawaida, na madau ya lazima hummega kidogokidogo mpaka arudi au mpaka ziishe. Teryo alikuwa ameulizia. Alikuwa amepiga hesabu zote.

Mezani alikuta watu ambao nusu yao aliwahi kuwaona magazetini. Mkabala naye alikaa Villaroman, wakili wa Makati kwa matajiri, mnene, mwenye manukato yaliyofika kabla yake, na ulimi uliojulikana mji mzima. Kushoto kwa Teryo alikaa mzee kutoka Hong Kong, Bwana Kwok, aliyeutazama utepe mweusi kwa muda mrefu.

"Kijana, umefiwa?"

"Baba."

"Pole. Lini mnazika?"

"Leo."

Bwana Kwok akasogeza kiti chake taratibu, kisha akasogeza tena. "Pole sana, kwa moyo wote," alisema. "Ila naomba kiwiko chako kisiniguse."

Meza ikacheka. Hata mgawaji, msichana wa Cavite aliyeandikwa Perlita kwenye kibao cha kifuani, alitabasamu akiwa ameinamia karata.

"Unazika leo na uko hapa?" alisema Villaroman. "Basi ama wewe mchezaji wa kweli, ama wewe mtoto wa ajabu."

"Chukua yote mawili, wakili, ubaki na chenji. Weka dau."

Alicheza vizuri. Alicheza kuliko alivyowahi kucheza, na alijua kwa nini. Mkono wa baba yake ulikuwa ndani ya mkono wake. Sabas hakuwa mcheza kamari. Alikuwa mtu wa matanga. Popote palipofungwa turubai, alikwenda akaketi, akacheza kwa vijisarafu, akawatania wenye msiba mpaka wakala. Teryo alijifunza karata magotini pake, na alijifunza kusoma nyuso za watu waliokuwa wamelia. Nyuso za hapa zilikuwa rahisi. Hapa hakuna aliyelia. Mkorea mmoja alimeza mate kila alipopata karata nzuri, na Villaroman alizidisha maneno kila alipopata mbaya.

Kete zikaongezeka mbele ya Teryo. Simu zilikuwa zimezimwa kwa amri, lakini saa kubwa ilikuwa ukutani, na kila alipovuta lundo aliitazama. Bado. Bado.

Ilikaribia saa nane alipogawiwa nane mbili. Perlita akafunua karata za katikati, na ya kwanza ilikuwa nane ya kopa. Teryo hakupumua tofauti. Villaroman akaanza hadithi ndefu kuhusu boti ya shemeji yake, akasukuma dau kubwa, akaendelea na boti, akasukuma jingine, na mwisho karata zikafunuliwa. Wakili alikuwa na ree mbili, zikazidiwa na nane tatu. Ukumbi ukageuza shingo. Lundo lililokuja upande wa Teryo lilihitaji mikono yote miwili.

Ndipo mkono wake wa kulia ukafanya lilelile ulilolifanya tangu utotoni, bila kumuuliza mwenyewe. Kabla hajapanga chake, ulichukua kete tatu, ukanyooka hadi kwenye kimeza cha pembeni ambako bilauri tupu ilikuwa imesahauliwa, ukazitumbukiza. Kete zikagonga kioo. Teryo akarudi kwenye lundo lake akaanza kupanga, moyo umetulia, kama mtu aliyemaliza wajibu.

Meza nzima ilikuwa inaitazama bilauri.

"Ameondoa kete mezani," alisema Villaroman. Kisha kwa sauti: "Mwamuzi! Huyu anaondoa kete mezani!"

Mwamuzi alikuwa Mwaustralia mrefu, mwenye upole wa mtu anayefanya kazi kwa watu wenye hasira. Akaitazama bilauri. "Bwana, kete za mashindano haziondoki mezani. Hizi ulikuwa unazipeleka wapi?"

Teryo alizitazama kana kwamba zimewekwa na mtu mwingine. "Kwa baba," alisema.

"Baba yako yuko wapi?"

"Kwenye jeneza."

Mtu mmoja meza ya jirani alicheka, akajuta. Perlita akainua kichwa. "Ni desturi yetu, bwana," alimwambia mwamuzi haraka. "Matangani anayeshinda humtolea marehemu. Amesahau yuko wapi. Hata mimi ningeweza."

"Nakuelewa. Nawaelewa wote wawili." Mwamuzi akazirudisha kete mahali pake moja moja. "Kwa kanuni ningemtoa kabisa. Nampa adhabu ndogo niwezayo: akae nje mpaka mzunguko huu wa meza umalizike, kisha arudi."

"Mpe na kopo basi akaombe barabarani," alisema Villaroman, bado anavuja damu ya zile ree. "Nimewaona wezi wa kuku, nimewaona wezi wa magari. Mwizi wa kutumia maiti ya baba yake, huyu ndiye wa kwanza."

Teryo aliinuka ghafla hata kiti kikaanguka. "Rudia."

"Kaa nje, kijana. Umeambiwa ukae nje."

"Rudia neno hilo, wakili, nikiwa nimesimama."

Mwamuzi akaingia katikati. Perlita, akiokota karata zilizomwagika karibu na miguu yao, alisema bila kumtazama Teryo, kwa sauti ya dada anayemwambia kaka yake vifungo viko wazi:

"Kaka, hiyo si adhabu. Hiyo ni ruhusa. Tazama saa. Nenda ukamzike baba."

Akatazama. Saa nane imefika. Kila kitu kilikuwa kimepangika kama mtu kakipanga: mlango uko pale, kete hazina miguu, barabara inamsubiri.

"Nikiondoka sasa atasema nimekimbia," alisema.

"Aseme."

"Jina analolitukana si langu, dada. Ni la mzee."

Perlita alitaka kusema jambo, lakini mwamuzi alikuwa anamtazama, na akarudi kugawa.

Basi Teryo akasimama nyuma ya kamba ya hariri, mikono nyuma, akitazama kiti chake kikigawiwa karata zisizo na mwenyewe. Mashavu yalimwaka. Aliona kwamba kumpenda baba kulikuwa hapo, kwenye kile kipande cha zulia: kutoondoka wakati jina la Sabas Bagtas limelala sakafuni na mtu wa manukato amelikanyaga. Mkono mmoja tu, alijiambia. Nirudi, nimnyoe, niende. Padri huwa anachelewa. Padri siku zote huwa anachelewa.

Alirudi. Haukuwa mkono mmoja. Hasira humfanya mtu mwingine acheze ovyo, lakini yeye ilimfanya awe baridi. Alimmega wakili, akampa nafasi ya kupumua, akammega tena. Wakili akarejea kwenye boti ya shemeji, na Teryo akajua kwamba hana kitu, akasukuma kete zake zote. Villaroman, mwenye kiburi naye, hakuweza kutupa karata mbele ya mtoto wa Pasay. Akafunua ghulamu na saba, hakuna kitu, akawa ametolewa. Watu wakapiga makofi mpaka meza za mbali.

Wakili akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamnyooshea mkono. Usoni hapakuwa na chuki hata chembe.

"Umecheza, bwana mdogo. Yale mengine usiyaweke moyoni. Ni maneno ya mezani tu, mimi humwambia hivyo kila mtu. Mama yangu ningemwambia hivyo." Akamtazama vizuri. "Lakini hukusema unazika saa ngapi?"

Teryo akageuka ukutani. Saa tisa ilikuwa imepita, tena ilikuwa imepita zamani.

Aliwasha simu akikimbia kwenye ngazi. Maneno ya Ludy yakaingia moja baada ya jingine, yakimtetemesha kiganjani. Umetoka? Uko wapi? Tumefika, tunakusubiri. Padri anauliza. Mama hataki mtu mwingine ashike mkasi. Teryo. Teryo jibu. Kisha hakuna kitu. Teksi ilikwama kabla ya daraja, akamwachia dereva pesa bila kuhesabu, akakimbia katikati ya magari, utepe mweusi ukimpiga kidevuni.

Makaburi ya Pasay ni kuta. Wafu hulala humo wamepandana, kila mmoja na tundu lake, na aliyefika jana analala juu ya aliyefika miaka iliyopita. Aliwaona watu wake wamesimama mbele ya ukuta wa upande wa magharibi. Kwanza alimwona mwashi, amechuchumaa juu ya kiunzi, akilainisha saruji kwa mwiko, huku na huku, bila haraka.

Doro alikuwa wa kwanza kumwona. Alikuja upesi, kofia mkononi, macho mekundu, na neno lililomtoka halikuwa lile alilokusudia. "Umeshinda?"

"Bado nimo."

"Yumo," Doro akamnong'oneza aliyekuwa nyuma yake, na yule akamnong'oneza mwingine. Yumo. Yumo, jamani. Furaha ikapita katikati ya wale watu waliovaa nyeusi kama mgeni aliyekosea nyumba, isijue ikae wapi.

Ludy hakunong'ona. "Tulikuita mpaka simu yangu ikazimika. Umesikia, Teryo? Mimi niliyemwosha, mimi niliyemvisha, nikakuachia kitu kimoja. Kimoja!"

"Nani aliikata?"

Dada yake akageuza uso.

"Ludy. Nani alikata rozari?"

"Hakuna."

Akapita katikati yao akaushika mguu wa kiunzi. "Shuka. Fungua."

Mwashi akamtazama kwa huruma iliyochoka. "Kaka yangu, saruji ni mbichi, ningeweza. Lakini jeneza limeshafungwa. Nikufungulie uone nini? Hatoki tena yule."

"Nimesema fungua!"

"Teryo." Sauti ya mama yake ilitoka chini, kwenye kiti cha plastiki walichokuja nacho. "Mwache mtu afanye kazi yake."

Alikwenda akapiga magoti kwenye udongo. Mama alikuwa na mkasi mapajani, mkasi wa kushonea wa nyumbani, ameufumbata kwa mikono miwili.

"Alipendeza leo," alisema Mama Pasing. "Ludy alimchana nywele kwa upande. Maisha yake yote hakuwahi kuchana kwa upande. Nikasema, ngoja Teryo aje, atacheka."

"Mama, kwa nini hukukata mwenyewe?"

"Nilikuwa nimesema utakata wewe." Alivuta pumzi. "Padri alisubiri. Alisoma sala zake, akazirudia. Nikamwambia, anakuja, huyu akisema huwa anakuja. Akazirudia tena. Lakini nyuma yetu walikuwa wamefika wengine, Teryo, na jeneza lao lilikuwa jeupe, dogo hivi." Akapima kwa mkasi hewani. "Mama wa mtoto alikuwa amesimama juani. Nikaona aibu. Nikasema, fungeni."

Teryo aliegemeza paji la uso kwenye goti la mama, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama. Mama hakumbembeleza, wala hakumsukuma. Baada ya muda aliuweka mkono wake juu ya shingo ya mwanawe, ukakaa hapo, mwepesi, hauna nguvu.

"Sasa akivuta mtu, atanivuta mimi," alisema. "Si vibaya. Mimi na yeye tumezoeana."

"Usiseme hivyo, mama!"

"Nasema tu." Akaugeuza mkasi mapajani. "Kete zako zipo?"

"Zipo."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Kesho mnaendelea?"

"Saa sita mchana."

Watu waliokuwa karibu walijifanya hawasikii. Doro aligeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Mwiko ulikuwa umenyamaza juu ya kiunzi.

"Nenda basi," alisema mama. "Hapa umeshapakosa. Usipakose pote pawili. Mzee angekuambia uende."

Teryo akainua uso. Alimwona baba yake jinsi alivyokuwa matangani, si akicheza, bali baadaye, meza zikishakunjwa na walioshinda wakishatokomea, bado ameketi na mjane wa watu, anamenya karanga na kumwekea kiganjani.

"Hapana, mama," alisema. "Baba hakuwahi kuinuka kwanza."

Akauchukua mkasi kutoka mikononi mwake, akaushika yeye.

"Sirudi kule," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, na Ludy akageuka. "Wagawe karata kwenye kiti kitupu mpaka kete ziishe zenyewe. Kesho nitasali na wewe, mimi ndiye nitakayeanzisha, na keshokutwa, mpaka siku ya tisa ya maombi ya marehemu itimie. Na wewe mama, nisikie. Hutanisubiri tena. Siku yoyote utakayoniita, hata kama ni kwa kikombe cha maji tu, nitakuwa nimeshafika. Naahidi mbele ya mzee."